Wangari na Sanamu ya Mbao

Mjukuu wangu Njeri,

Huku Mweiga hatujambo, viazi vimechanua. Umeuliza mbona nilinyamaza uliposema kwamba huko India, kwenye jumba la sanaa unakofanya kazi, vipofu wanaruhusiwa kushika sanamu. Nilishtuka, hata simu ikaniponyoka.

Tukiwa wasichana, nilimpeleka dada yangu Wangari, asiyeona, kwenye maonyesho mjini Nyeri. Alipapasa uso wa sanamu ya mbao ya mwanamke, akatabasamu. Mlinzi akampiga mkono mbele ya watu: "Hii ni ya kuangalia tu!" Wangari hakulia. Njiani aliniambia, "Nilikuwa sijafika mdomoni."

Jana nilimweleza habari zako. Akauliza, "Ati wanakuacha mpaka umalize?"

Ni mimi shosho wako,
Wanjiku