Bikizee na Msomi

4 Juni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila macho ya mama yako ndiyo yale yale, mtoto wa jicho kayafunika yote mawili.

Gari ulilotuletea limeniaibisha. Jana nampeleka mama yako kupasuliwa, Msomi wako kazimika mara nne, ya mwisho katikati ya mzunguko, watu wananipigia honi kama mwizi. Kufika, daktari keshaondoka. Tumepewa tarehe 18. Tukikosa tena, ni mpaka mwakani.

Bikizee, gari langu la zamani, nilimnunua kabla sijamwoa mama yako. Hana kompyuta. Ukivuta choki anakohoa kidogo, anaondoka. Huyu wa kwako madirisha yanapanda yenyewe, na saa ya kuwaka, lakini hata hiyo saa kila asubuhi inaanza upya! Tarehe 18 tunakwenda na Bikizee.

Baba yako

8 Juni

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo, kazi tu hapa karakana ya mabasi. Lakini barua yako imeniliza. Bikizee anachemsha kila mlima, na breki zake ni za kuombewa dua. Mama akae kando ya njia na bandeji jichoni, akisubiri rejeta ipoe?

Msomi nilimchagua mwenyewe. Nilimwendesha wiki nzima kabla ya kumleta, hakuzimika hata siku moja. Naomba unijibu neno moja tu: jioni ukishaegesha, unamfanyia nini?

Binti yako

12 Juni

Marahaba, mama.

Swali gani hilo? Namfanyia kama ninavyomfanyia Bikizee tangu hujazaliwa. Nafungua boneti, nachomoa waya wa betri. Betri inapumzika, wezi wanahangaika. Asubuhi narudisha. Gari ni gari.

Baba yako

15 Juni, ujumbe wa simu, maana barua itachelewa

Shikamoo Baba. Nimecheka mpaka wenzangu wamekuja kunitazama! Ukichomoa waya, kompyuta ya Msomi inasahau yote iliyojifunza kuhusu injini. Jioni unamfuta akili, asubuhi unamtukana mjinga! Rudisha waya, usiuguse tena. Mwache angurume kwanza, kisha zunguka naye mtaani leo na kesho, ajifunze upya. Tafadhali, Baba. Ni macho ya Mama haya.

Binti yako

25 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, na safari hii nasema kweli.

Tarehe 18 tulikwenda na Msomi, na hakuzimika. Kwenye ule mzunguko niliyekuwa natetemeka ni mimi, gari limetulia tuli. Wamempasua mama yako jicho la kulia, bandeji imetolewa, na anaona. Anaona, mwanangu! Nimelia kama mtoto pale mapokezi, wala sioni haya.

Tulipofika nyumbani nikamwambia, haya, amua wewe, lipi zuri? Akamzunguka Msomi. "Kumbe la bluu! Na wewe uliniambia jeusi, kama la kubebea maiti." Akaenda kwa Bikizee, akatia kidole kwenye tundu la kutu mlangoni. "Miaka yote hii nimekalia hili?" Kisha akanigeukia mimi, akauliza mvi zote hizi nimezitoa wapi.

Bikizee bado namchomolea waya, kazoea. Msomi nimemwachia akili zake. Ila mkono una mazoea yake. Jana jioni nilisogea tu karibu na boneti, mama yako akanipigia kelele toka dirisha la jikoni: "Nakuona!"

Baba yako