Pistoni Niliyoipima Ingali Moto

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana nyumbani sina wa kumtazama usoni, mimi ni karani tu na kaka yangu ni fundi saa, tulianza kutazama video za wazee wanaounda injini za mvuke za kukaa kiganjani, tukashikwa, tukanunua mashine ya kukereza chuma iliyotumika, tukaiweka stoo, yeye achonge silinda, mimi pistoni ya kuingia humo, na kwa miezi saba hatukujua Jumapili, hata mke wangu akasema nimeoa chuma, yeye amekuja kunitembelea. Siku ya kuiwasha tuliita familia nzima sebuleni, mvuke ukavuja, gurudumu likagoma, shangazi akauliza kama hilo ndilo birika tulilomwahidi, watu wakacheka, nami kwa aibu nikasema mbele ya wote, "Kaka, pistoni nimeipima mara tatu. Silinda yako ndiyo pana. Mikono yako inatetemeka siku hizi, na wewe unajua."

Aliitazama mikono yake, akasema, "Basi, mdogo wangu. Ni umri huo."

Wiki ile ile akafunga meza yake ya saa aliyoikalia miaka thelathini, na shemeji anasema miezi hii yote hata sindano hakubali kumtungia uzi. Juzi nikaona kwenye video mzee anaacha chuma kipoe ndipo apime, nikakimbilia stoo, kwa sababu mimi pistoni niliipimia pale pale kwenye mashine, ingali moto, na chuma cha moto huvimba. Nimeipima ikiwa baridi: nyembamba. Silinda ya kaka: sawasawa na mchoro. Nafikiria nikereze nyingine kimyakimya, injini izunguke, moyo wake urudi wenyewe. Nitakuwa nimekosea?

Mdogo mtu

Mdogo mtu, pole. Kukiri si kazi nyepesi, hata kwa mtu usiyemjua. Pole zangu zinaishia hapo.

Injini ikizunguka kwa pistoni mpya, kaka yako atajua nini? Kwamba wewe ni hodari, umeiokoa silinda yake mbovu. Utakuwa umemzika mara ya pili, safari hii kwa makofi.

Kupima chuma cha moto ni ujinga wa mwanafunzi, unasameheka. Kumwambia fundi saa mbele ya shangazi yake kwamba mikono imekwisha, hilo halimo kwenye video yoyote, ulilitoa kwako mwenyewe.

Usikereze kitu. Waite watu wale wale, shangazi akiwa wa kwanza. Ulimwaibisha sebuleni, usije kumwomba radhi stoo. Weka mezani mchoro, silinda na pistoni hiyo hiyo, mpe kaka kipimo, apime mwenyewe. Usimsomee namba. Akimaliza, sema, "Kaka, mikono yako ilikuwa sawa. Ni mimi." Kisha funga mdomo. Habari za joto na kuvimba zisubiri mpaka aulize, maana ukianza nazo utakuwa unajitetea.

Akikasirika, kaa ukasirikiwe. Asipofungua meza yake wiki hiyo, usimsukume. Miezi ya kujiona mzee haifutwi kwa mchana mmoja. Pistoni mpya mtaitengeneza pamoja, kama atakutaka. Hilo ataamua yeye.