Makorongo ya Bondeni

Jumapili, 12 Januari 1975

Nimenunua daftari hili Muleba. Nitaandika Kiswahili. Wifi yangu akija hapa hupekua kila kitu, na Kiswahili hakisomi. Basi atatazama mistari tu!

Mama mkwe ameniuliza tena asubuhi. Klaudia, wamelia? Nikamjibu, Mae, mama yangu, bado. Kila siku ni swali hilo hilo. Macho yalimwacha kabla sijaolewa hapa, na asubuhi alikuwa akiijua kwa sauti ya entuha — wale ndege wakubwa wenye taji la manyoya kichwani. Wakilia bondeni anaamka, anasali, anadai uji. Sasa bonde liko kimya na yeye haamki. Analala ameelekea ukutani. Chakula anakigusagusa tu. Naogopa.

Yote haya ni tangu kijiji kichimbe mitaro kulikausha bonde, tupate shamba la ujamaa! Mahindi tulivuna mara moja. Baada ya hapo udongo ukawa majivu matupu, mafunjo yakafa, ndege wakahama, na kisimani tunakwangua tope. Leo baada ya misa nilimwambia jirani yangu Joviana, tuizibe ile mitaro. Akasema nimechanganyikiwa. Kisha akauliza tunaanza lini.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Lameki, hana neno. Pale halimi mtu, alisema, zibeni mkitaka.

Jumamosi, 25 Januari

Mgongo wangu jamani! Tumeziba mdomo wa mtaro mkubwa kwa migomba iliyokwisha kuvunwa na mabonge ya udongo. Joviana aliteleza akakaa ndani ya tope mpaka kiunoni, akakataa kutoka mpaka amalize kucheka. Wanaume waliokuwa wanakwenda kunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, wakasimama kutuuliza. Mnapanda majani? Ndiyo. Na mbolea mtatia? Nikawajibu. Nilichowajibu sikiandiki, jioni hii naenda kuungama.

Mizizi ya mafunjo tuliichimba kule chini mtoni, tukaibeba kichwani imefungwa kwa majani ya migomba, tukaipanda bondeni. Mama mkwe akaomba na yeye apewe kazi. Amekaa mlangoni anasokota kamba za kufungia mizigo. Leo amemaliza ndizi zake zote.

Jumanne, 18 Februari

Mvua! Maji yametuama bondeni, hayaendi popote. Jioni vyura. Mama mkwe akanishika mkono — wasikilize hao wapumbavu, akasema, akacheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

Ijumaa, 7 Machi

Mafunjo yametoa vichwa. Ndege ni wale wadogo wadogo tu. Joviana ameanza kukata tamaa. Mimi pia, ila simwambii.

Alhamisi, 20 Machi

Wamekuja!! Wawili!

Nilikuwa napuliza moto. Nikasikia ile sauti, nikaacha sufuria, nikakimbilia chumbani kwa Mama mkwe. Nikamkuta ameshakaa kitandani, mkono juu. Nyamaza, mwanangu, aliniambia. Wakalia tena. Machozi yakamtiririka, hakuyafuta. Kisha akauliza, uji uko wapi?

Nikarudi jikoni nikalia peke yangu, uji ukaungua. Ameunywa hivyo hivyo, akasema ni mtamu. Nampenda mama huyu. Aliyenizaa sikumjua sana, alikufa ningali mdogo. Huyu ndiye mama niliyepewa, na sitaki aondoke.

Jumapili, 6 Aprili

Joviana kaona kiota! Kimekaa katikati ya mafunjo, karibu kabisa na mtaro mkubwa. Mayai yamo. Tumekubaliana tusiende tena, tusije tukawatisha. Mama mkwe anataka kujua watoto watakuwa na sauti gani. Mae, nimjue wapi mtoto wa entuha mimi?

Jumatano, 9 Aprili

Leo mkutano wa kijiji. Alikuja Bwana Shamba mpya kutoka Muleba, kijana mpole, mtu wa Tanga, anaongea kama redio. Kwa hiyo mkutano wote ni Kiswahili. Wazee wanaitikia hata wasichoelewa.

Joviana alinifinya mpaka nikasimama. Kwa Kihaya ningesema mpaka jua lizame. Kwa Kiswahili nilikuwa na neno moja la kumwita entuha, nililofundishwa na Sista shuleni, kwenye kitabu cha picha. Nikalishika hilo hilo. Nikasema: Ndugu Bwana Shamba, tunaomba kijiji kiyatunze makorongo ya bondeni. Yalikuwa yamepotea, sisi akina mama tumeyarudisha. Yakiharibika tena, bonde limekufa.

Bwana Shamba aliinuka akanipigia makofi! Akasema akina mama wa hapa wana mwamko, hajapata kuona. Makorongo ndiyo uhai wa bonde, alisema. Akaagiza Jumatatu kijiji kizima kije, kila nyumba itoe mtu, na yeye atakuwepo. Mkutano mzima ukapiga makofi. Lameki ndiye aliyepiga zaidi.

Kijiji kizima kuja kuwalinda ndege wawili! Sikuamini masikio yangu. Nimerudi nyumbani kama bibi harusi.

Jumamosi, 12 Aprili

Mungu wangu.

Lameki kapita hapa asubuhi kutafuna buni za kahawa, kama wageni wote wa huku. Nikampa. Akaniuliza kwa heshima kabisa: sasa wewe mwenye hoja, unataka yawe na kina gani?

Kina cha nini?

Cha makorongo. Magoti au kiuno?

Nilidhani ananitania. Kumbe hapana! Korongo, kwa wenye Kiswahili chao, ni ndege — na pia ni shimo refu linalochimbwa na maji. Bwana Shamba kasikia mitaro! Mimi, Klaudia, nimesimama mbele ya kijiji nikaomba mitaro ichimbwe upya. Jumatatu watakuja na majembe, wafukue kizibo chetu, maji yaondoke, na kiota kiko pale pale ukingoni.

Nilicheka. Kisha nikakaa chini nikalia. Ningesema ndege tu, neno si lipo! Ingawa kwa bahati yangu wangetujengea uwanja.

Nikamsihi Lameki aende Muleba amweleze. Akakuna kichwa. Jamani waitu, akasema, nitamwambiaje yule kijana? Kwamba kijiji kizima kilipiga makofi bila kujua kinapigia nini? Na Mwenyekiti akiwa wa kwanza? Aibu imemshika. Nikamwambia aibu haitagi mayai. Akaondoka na kahawa yangu mdomoni.

Jumapili, 13 Aprili

Niliapa Mama mkwe asijue. Ameshajua. Kuta zetu ni za matete na yeye ana masikio kuliko sisi sote.

Hakunigombeza. Aliniita nikae kitandani pake, akanipapasa uso kama anatafuta kitu. Akasema, ulisimama mbele ya wanaume ukaniombea mimi ndege. Mengine ni maneno tu.

Kisha akataka nimfundishe hilo neno lililoniponza. Korongo. Akalirudia — ko-ro-ngo, ko-ro-ngo — mpaka likakaa. Neno moja kwa ndege na kwa shimo! Akawasikitikia Waswahili, yaelekea maneno yaliwaishia.

Anataka kesho avae kanga mpya. Nimpeleke na kigoda chake.

Jumatatu, 14 Aprili

Naandika nimekaa kwenye nyasi juu ya mtaro, daftari gotini. Nisipoandika nitapiga kelele.

Wanateremka kutoka rweya, mbuga ya nyasi kule juu, msururu mzima, majembe yanang'aa. Wengine wanaimba! Lameki yuko mbele. Nimemkimbilia nikamwuliza, utasema? Akasema tutaona. Hanitazami usoni. Joviana amesimama ndani ya maji, mikono kiunoni, kama atawazuia wote peke yake.

Mama mkwe nimemkalisha juu ya kizibo chetu cha migomba. Hapo hapo alipotaka. Anayetaka kuchimba aanze kwa kumwondoa yeye, alisema, na amevaa vizuri.

Landrova imefika. Bwana Shamba ameshuka, anacheka na kila mtu, viatu vyake vimezama. Anauliza kwa sauti: haya Mwenyekiti, makorongo yenyewe yako wapi, tuanzie wapi?

Lameki kageuza shingo. Kanitazama mimi. Kiswahili chote kimenitoka.

Mama mkwe kalisikia neno lake. Neno moja tu katika maneno yote yale! Ameinua mkono, akaunyoosha moja kwa moja kwenye mafunjo, kule kule kiotani, yeye asiyeona. "Korongo," amesema. Na entuha wakaitika — wote wawili!

Bwana Shamba amegeuka. Anatazama mafunjo, kisha ananitazama mimi, kisha mafunjo tena. Wimbo umekatika. Mkono wa Mama mkwe bado uko juu, hataki kuushusha. Nataka niende nikaushike lakini siwezi kuondoa macho kwa Lameki. Jembe lake liko begani. Analishusha sasa, polepole, na bado sijui kama ni kuchimba au kuliweka chini —