Mgomba Wetu wa Gachoka

Mama,

Usicheke, lakini siku hizi mimi ni mwalimu wa Kiingereza kama wewe. Nafundisha darasa la sita huku Gachoka. Jua ni kali, watoto ni watundu, na mimi nimenenepa. Baba hajambo huko Nkubu. Tangu tukuzike amejifunza kupika, ingawa githeri yake ya mahindi na maharagwe bado ni ngumu kama kokoto. Tunakula tu na kumsifu.

Sasa nikueleze. Kitabu cha darasa kilipofika kwenye "look after", yaani kutunza, niliruka ule ukurasa. Mama, nilikutunza pale wodini, nikakunywesha uji, nikakukanda miguu, na bado ukaniacha. Ningesimamaje mbele ya watoto niwaambie kutunza ni nini? Lakini Wanja wa dawati la mbele haoni haya. Akainua mkono: "Mwalimu, hii nayo tumeiacha?"

Basi nikafuata desturi yako: hakuna kuandika sentensi mpaka darasa zima litunze kitu kwanza. Wewe ulikuwa ukitugawia chipukizi la mgomba, nami nikabeba moja kutoka kwetu Nkubu mpaka huku. Mgomba, Mama, katika nchi kame ya mbuzi na ndengu! Mwalimu mkuu aliniuliza kama sisi Wameru tunadhani mvua hufuata mizigo.

Watoto waliupanda hivyo hivyo. Waliumwagilia maji ya kunawia mikono, wakaufunika kwa magunia mchana. Njeru aliufukuzia mbuzi mpaka akakosa somo la hesabu. Wapi! Majani yalikauka moja moja, na Ijumaa moja tukaukuta umelala chini.

Nikawaambia waandike sasa. Niliogopa hata kupita katikati ya madawati. Wanja akasimama akasoma yake: "We looked after it well and it died." Yaani, tuliutunza vizuri, nao ukafa. Akaketi, akaanza kuchonga penseli. Hakuna aliyemcheka, hakuna aliyesema amekosea. Hakuwa amekosea.

Nilitoka nje nikalia kidogo nyuma ya choo cha walimu, halafu nikajikuta nacheka peke yangu. Nikarudi nikamwekea alama ya vema.

Muhula ujao tunapanda ndengu, tusije tukachekwa tena. Pumzika, Mama. Nakuahidi kila darasa nitakalopewa nitalifundisha neno hilo, na wakitaka mfano, nitakutaja wewe. Nilikutunza vizuri.

Mwanao,
Kananu