Firigisi ya Mwenyekiti

Mjukuu wangu Nafula,

Sisi hapa Kitale ni wazima. Mahindi yamebeba vizuri, na babu yako bado anabishana na redio. Iliposema kwamba umeapishwa katika bunge la kaunti huko Bungoma, aliipigia makofi.

Unauliza ufanye nini na hao wanaotaka uongozi wa bunge, ati wanahesabu kura yako bila hata kukusemesha.

Mimi nilikuwa diwani huko nikiwa bado kijana, mwanamke peke yangu barazani. Tulipokaribia kuchagua mwenyekiti wa baraza, mgombea mmoja alitualika kwake Kimilili akachinja kuku. Si unajua firigisi kwetu ni ya mwanamume, na siku hizo mwanamke hakula kuku kabisa. Nikaletewa maharagwe. Firigisi akaila yeye mwenyewe, kisha akaniambia, "Mama, wewe najua tuko pamoja."

Nikamjibu, "Mheshimiwa, wacha kwanza nimalize maharagwe."

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu alikuwa amebakisha kura moja tu ashinde.

Kesho yake alifika kwangu, akauliza watu wangu wanataka nini. Nikasema daraja. Alipokubali, nilimpikia kuku, na firigisi nikaila mimi, yeye akitazama. Kura nilimpa. Daraja hilo ndilo mama yako alilovuka kwenda shule.

Bunge likienda likizo, njoo. Tutachinja kuku, na kipande chako unakijua.

Ni mimi, Kukhu wako.