Namtafuta Mama Brian

Jumamosi, Julai. Baridi imekaza na manyunyu hayajakoma tangu asubuhi. Ninaandika haya miguu yangu ikiwa kwenye karai la maji moto, na roho yangu sijui iko wapi.

Nimefanya kosa. Nitaliandika lilivyo kabla sijaanza kulipaka rangi.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Kibera. Kazi yangu ni kuzunguka nyumba kwa nyumba nikiwasihi wanawake wapimwe saratani ya mlango wa kizazi wangali wazima, wasingoje damu na maumivu. Mapema, mapema, mapema. Kuna watu wa Makina, mtaa wa humu humu Kibera, wakiniona kwa mbali wanasema, "Mapema huyo anakam." Mwezi jana tulipiga hema la kupimia pale, na foleni ikawa ndefu hata sisi wenyewe tukashangaa. Aliyeshika daftari la kuandikisha ni mimi.

Mama mmoja alisita sana. Mwembamba, muuza dagaa wa omena, mtoto mgongoni. Akaniuliza, "Na nikijua, itanisaidia na nini?" Nikamwambia ugonjwa ukipatikana mapema unatibika, na kwamba majibu nitamletea mimi mwenyewe. Akacheka, akaingia hemani.

Nikaandika: Mama Brian.

Hilo tu. Huku kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linakwenda likizo. Nina majirani wa miaka mingi na sijui wazazi wao waliwapa majina gani. Kitambulisho sikumwomba, kwa sababu ukitaja kitambulisho watu hutoroka foleni wakidhani ni mambo ya serikali. Ndivyo ninavyojitetea. Ukweli ni kwamba ile foleni ilikuwa imenilewesha. Nilitaka iende mbio, nilitaka nisifiwe.

Jumatano, Sista Nekesa, muuguzi wa kliniki yetu, aliniita kando. "Huyu Mama Brian wako lazima arudi haraka. Bado tunaweza kumsaidia, lakini si wa kungoja. Kwani anaitwa nani?"

Nikalifunua daftari: Mama Brian, basi.

Namba ya simu aliyoiacha ilikuwa ya jirani. Jirani akaniambia alishahama, sasa yuko mtaa wa Kawangware, karibu na kituo cha 46, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga yenye geti la buluu. Basi leo nimekwenda. Nusu ya mageti kule ni ya buluu, na kila ploti ina Mama Brian wake.

Wa kwanza nilimkuta akikaanga mandazi. Nilipoona siye, nilifurahi. Nasema kweli. Nimetoka nyumbani kumtafuta mtu, halafu nikafurahi kumkosa, kwa sababu sikujua ningeanzia wapi. Lakini mama wa watu alikuwa ameshatazama kifua changu. Nilikuwa nimevaa tisheti ya kazi, imeandikwa PIMWA SARATANI MAPEMA kwa herufi nyekundu, kubwa. Akayaacha mandazi yaungue. "Aki niambie tu, niko nayo?" Na hajawahi kupimwa popote! Nilimtuliza huku majirani wamejaa mlangoni, masikio wazi.

Kutoka hapo habari zikanitangulia. Kwenye ploti ya tatu mwenye ploti, mzee mmoja wa koti zito, alikuwa akinisubiri getini. "Ni wewe unatafuta Mama Brian wa ule ugonjwa?" Nilitamani ardhi inimeze. Akanionyesha chumba cha mwisho. "Kuna mmoja alihamia juzi tu, ametoka Kibera. Ako ndani. Nimemwona akiingia sai sai."

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nje kulikuwa na beseni la omena, linanyeshewa. Hakuna muuza omena anayeacha mali yake ilowe hivyo, isipokuwa amekimbia.

Nikabisha. "Mama Brian, ni mimi wa Makina. Nifungulie tuongee kidogo."

Ndani mtoto akaanza kulia, kisha akanyamazishwa.

Ningesema nini? Habari niliyombebea ilikuwa na uzuri wake, kwamba hatujachelewa, kwamba kuna dawa. Lakini kuta ni za mabati, na ploti nzima ilikuwa nje ikijifanya inaanua nguo. Kumwambia bado unatibika ni kuwatangazia wote kwamba anaumwa. Mimi ninayepiga kelele mtaa mzima, nikakosa sentensi moja ya kusema mlangoni pa mtu. Nikalisogeza beseni chini ya paa, nikaondoka.

Nimelia nilipofika nyumbani. Si huruma, ni hasira, na mwenye kukasirikiwa ni mimi. Mwanamke huyu alikubali kupimwa kwa sababu aliniamini, na malipo yake ni kujifungia kama mwizi huku majirani wakinong'ona juu yake. Kila siku anayokaa nyuma ya ule mlango inakula ile mapema yangu.

Kesho ni Jumapili, na kanisani sitakwenda. Hiyo tisheti nimeitupa chini ya kitanda. Nitavaa gauni langu la kawaida, nibebe kikapu, nirudi Kawangware kama mteja yeyote. Nitabisha kwa nguvu na kusema kwa sauti, ploti nzima inisikie, hata waliokwisha kunitambua, kwamba nataka omena, hata zile zilizolowa.

Na akifungua, Mungu wangu, nisikosee tena.