Kibiriti Hataki Majani

Msambweni, Kwale,
12 Juni, 1955.

Mpendwa ndugu yangu Abdurahman,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo mdogo wangu? Kifua chako kinasemaje na hiyo baridi ya Nairobi? Umepata mtu wa kukupikia, au bado unashindia chai na mkate mkavu? Na ile amri ya kutotoka nje, imelegezwa? Huku tunasikia ya redioni tu, nayo hayanitoshi. Usiponijibu yote haya nitajua u mgonjwa na unanificha.

Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Shemeji yako Boga alijikata mguu kwa jembe baada ya Idi, lakini sasa anatembea na kelele zake zimerudi. Mvua imenyesha vizuri na mihogo imeshika.

Mwanao Mwanasha ni mzima wa mwili. Chuoni anakwenda kusoma Kurani na mwalimu wake anamsifu. Kila asubuhi ananiambia, "Shikamoo, shangazi," na kila jioni, "Ahsante kwa chakula, shangazi." Kati ya hayo mawili hasemi kitu. Ni wiki saba sasa, na bado ananiomba ruhusa kabla ya kunywa maji ya mtungini.

Sasa nije kwa lililonikalisha niandike. Ni yule simbilisi wake, Kibiriti. Abdurahman, nimeshindwa. Mnyama anakufa mikononi mwangu.

Siku ile Boga alipomteremsha Mwanasha kwenye basi, kikapu amekikumbatia, watu walitoka majumbani kuja kutazama. Bi Mbeyu, jirani yangu, alisema huyo ni panya aliyekatwa mkia. Mwingine akasema ni sungura aliyeacha kukua. Nikawaambia awe awavyo, amekuja na mwanangu, naye ni mgeni wangu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Ramadhani iliingia siku ya pili yake, nawe unajua sahani zinavyopishana nyuani mwetu wakati wa futari. Mwanasha alikuwa akichukua sahani yake anakwenda kukaa pembeni, na sahani inarudi nyeupe. Nikafurahi kwamba mtoto anakula. Kumbe mlaji ni Kibiriti! Kaimati, tambi, mkate wa mofa, wali wa nazi, vyote vinaishia kikapuni. Nilipogundua sikugomba, kwa sababu nilimwona mtoto akitabasamu mnyama alipokuwa akijipangusa sharubu. Basi nikawa namtengea Kibiriti kisahani chake mwenyewe. Hata Bi Mbeyu, aliyemwita panya, akawa anamletea visheti. Tulimlisha kama bwana harusi.

Sasa hataki kitu kingine, na hivyo vitamu vyenyewe anavigusa tu na kuviacha. Manyoya yamesimama. Anaburura miguu ya nyuma, na ukimshika viungo analia kijisauti chembamba kinachonikata maini. Nilimuuliza Mwanasha alikuwa akila nini. Akanijibu, "Kule nyumbani alikuwa akila majani." Kule nyumbani, kaniambia. Nami nimesimama nyumbani kwangu.

Nimejaribu kila jani, ndugu yangu. Mchicha nimeuosha maji matatu, nikaukata mwembamba, hakuutazama. Nikauchovya kwenye maji ya moto ulainike, akaukalia. Matembele vivyo hivyo. Nimemwagiza dereva wa basi aniletee karoti kutoka Mombasa, Bi Mbeyu na mimi tukazipara kwa adabu zote, akageuka akatutazama kwa makalio. Nikanyunyiza makombo ya mkate juu ya majani. Alilamba makombo yote na jani akaliacha safi kuliko nilivyoliosha. Nikamtia kidogo kinywani kwa nguvu, akaniuma kidole. Mwisho nikajilaza mkekani nikatafuna mchicha mbichi mbele yake ili aone kwamba unalika. Aliyeona ni Boga. Tangu siku hiyo ananiita mbuzi.

Wewe cheka, mimi silali. Miaka kumi na tisa nimekaa na Boga bila mtoto, na katika kila jumba la ukoo huu nimelea watoto wa wenzangu kwa siku mbili tatu kisha nikawarudisha. Ulipoandika, "Dada, huyu nimekupa, awe wako," niliisoma ile barua mpaka karatasi ikatoboka kwenye mkunjo. Mtoto huyu hana anachokipenda hapa ila huyo mnyama. Akifa, ataniweka pamoja na mauti mengine aliyoyaona. Mama yake hana mwaka tangu azikwe, nami nimuulie na Kibiriti kwa sinia zangu!

Nakuomba unijibu upesi. Ulikuwa ukimlishaje? Majani unamkatia au unampa mazima? Asubuhi au jioni? Ukimwimbia nitamwimbia, na Boga acheke mpaka apasuke.

Jumatano, 15 Juni.

Barua sikuituma. Basi la Jumatatu lilinipita nikiwa nimepiga magoti uani, na sasa yapo mengine ya kukueleza.

Jumatatu hiyo alipita Mzee Mramba, mfugaji wa Taru ambaye huleta mbuzi wa kuuza huku. Boga akamwita amtazame mgonjwa. Mzee alimfunua Kibiriti mdomo, akatazama meno, akatazama na kisahani changu cha mchicha.

"Mama, majani haya umeyapika?"

"Nimeyachovya tu," nikamwambia. "Nitampaje mgeni majani mabichi?"

Alicheka akashika goti. "Mgeni siku mbili, mama, siku ya tatu mpe jembe! Huyu ni wa kuchunga. Meno yake yanataka kazi. Mtoe humo kikapuni, mfunikie tenga pale palipoota majani, kisha ondoka. Mimi hata mbuzi mgonjwa simshindilii mdomoni. Namwacha achague."

Nyuma ya jiko langu pameota mchunga. Unaukumbuka, ile mboga chungu tuliyokuwa tukiikimbia mama akiipika? Sikuwahi kufikiria kumpa. Ni mboga ya siku ambayo huna kitu, na hata wewe mwenye nyumba huili mpaka umwage maji yake mara mbili. Lakini nilikuwa nimeishiwa. Nikaiweka heshima kando, nikamfunikia tenga hapohapo kwenye magugu.

Jumatatu alijikunyata tu. Jana nayo akajikunyata, nami nikakuna nazi huku machozi yananidondoka ndani ya kifuu. Niliona nimemtoa kikapuni afe nje.

Leo baada ya adhuhuri nikasikia, "Shangazi! Shangazi, njoo!" Hajawahi kuniita, Abdurahman. Nilikimbia na mbuzi ya kukunia nazi mkononi. Kibiriti alikuwa ameshika bua la mchunga kwa ncha, na bua linaingia mdomoni kidogo kidogo mpaka likaisha. Akashika jingine. Mwanasha akanikamata mkono, hakuniomba ruhusa, na tukakaa pale matopeni tukihesabu mabua mpaka alasiri. Sijui nikueleze vipi furaha ile. Nilimuahidi Mungu funga ya siku tatu.

Kisha mtoto akafunguka kinywa. Maneno ya wiki saba yalitoka kwa mkupuo. Na la kwanza lilikuwa hili: "Shangazi, mwandikie baba leo leo. Mwambie Kibiriti anakula. Baba alisema Kibiriti amekonda, kwa hiyo tuje pwani anone, na akinona tu atakuja kutuchukua."

Ndiyo maana sahani zake zote zilikwenda kikapuni. Alikuwa akimnonesha arudi kwako.

Abdurahman, mimi uliniandikia nini, na mtoto ulimwambia nini? Najua treni ilikuwa inapiga king'ora, mtoto analia, nawe una msiba moyoni na askari mitaani. Mtu husema lolote. Lakini wewe ulilisema ukarudi kazini. Mimi ndiye niliyekaa nalo bila kujua, nikidhani mtoto ananichukia.

Na nikuambie la aibu yangu. Nilipotoka pale uani niliingia jikoni nikasimama mbele ya bakuli la kaimati. Nikawaza, nikimrudishia vitamu hatanona, na asiponona hawatakwenda. Nilisimama pale kitambo, Mungu anisamehe. Kisha nikawamwagia kuku.

Kwa hiyo njoo. Usilete barua, lete uso wako. Kama unamchukua, mchukue, nitamfungia nguo zake mwenyewe. Kama unamwacha, keti naye mkekani umwambie kwamba unamwacha, na kwa nini. Mimi uongo wako sitaumalizia.

Ameniuliza utakuja siku gani. Nimemwambia baba yake ndiye atakayejibu. Akafikiri, akaniuliza kama Nairobi kuna mchunga, nikamwambia sijui. Basi amekwenda kukusanya mbegu, zile zenye manyoya, akazikunja kwenye karatasi hii ndogo unayoiona ndani ya bahasha. Anasema uzipande karibu na mlango sasa hivi, ili Kibiriti akifika azikute zimeota.

Boga anakusalimu sana, na Bi Mbeyu pia. Nisalimie Alfani na mkewe, na mwambie Iddi mama yake ameshapona macho. Mwenyezi Mungu akulinde na shari za mji huo, akupe afya, na akupe ulimi wa kusema kweli kwa mwanao.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata leo ninapokukasirikia,

Esha